Tuma maneno, usitume picha ya maneno

Mjomba wangu haoni. Simu ndiyo humsomea: anapitisha kidole juu ya kioo, TalkBack, programu ya simu inayosoma kwa sauti, inamtamkia kila ujumbe. Mwaka jana tulipofiwa, tangazo la msiba liliingia kwenye kundi la ukoo likiwa skrinshoti, yaani picha ya kioo cha simu: jina la marehemu, msikiti, saa ya maziko, vyote ndani ya picha. Mjomba akasikia pole zinamiminika, asijue tunamzika nani. Kwenye tangazo lenyewe simu yake ilitamka neno moja tu, "picha". Ikabidi awapigie watoto wake, mmoja baada ya mwingine, aulize ni nani aliyefariki.

Tangu siku hiyo sina subira na skrinshoti za maandishi. Maneno yakishapigwa picha yamefungiwa. Shikilia kidole juu ya ujumbe, gusa Nakili, ingia kundini, gusa Bandika. Hakuna kazi hapo ya kumshinda mtu anayejua kupiga skrinshoti kwa kubana kitufe cha kuwashia pamoja na cha kupunguzia sauti.

Wenye macho nao wanaumia. Mzazi anatumiwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya ada, tarakimu 12, ndani ya picha. Atatafuta kalamu, aiandike namba pembeni, arudi kuikagua. Ingekuja kama maandishi, angeinakili na kuibandika tu.

Kama picha imeshakufikia, ifungue kwa programu ya Google Lens, itayachomoa maandishi. Kwenye iPhone zenye iOS 15, iliyotoka mwaka 2021, au toleo la baadaye, simu nyingi hukuruhusu kushikilia kidole juu ya maneno ndani ya picha na kuyanakili. Kagua namba kabla ya kulipa, maana sifuri huweza kusomwa kama herufi O.

Skrinshoti ina mahali pake. Kompyuta ikigoma na kuonyesha ujumbe wa hitilafu, bonyeza Windows, Shift na S, kata kipande kinachohusika, mpelekee fundi. Anahitaji kuona ulichokiona.

Tangazo ni jambo jingine. Kadi nzuri itumwe, ila maneno yake yaandikwe chini yake. Wiki iliyopita binamu yangu alituma kadi ya harusi, chini akaandika tarehe, ukumbi na namba ya kupelekea michango. Mjomba ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu.