Ukihesabu Kodi, Hesabu na Gari

Miaka miwili iliyopita binamu yangu alinipigia simu kutoka Phoenix. Alikuwa na swali moja tu: "Kaka, ni kweli huko kwenu nyumba ya vyumba vitatu ni dola 750?" Nikamwambia ni kweli, na kweli ilikuwa hivyo. Yeye alikuwa analipa 1,350 kwa vyumba viwili, na kila mkataba ukiisha mwenye nyumba anapandisha. Haikupita miezi miwili akahama na mke na watoto wanne, wakaja huku kusini-mashariki mwa jimbo la Iowa, Marekani, upande wa Columbus Junction, mji wa watu wasiofika 2,000, karibu na inapokutana mito ya Iowa na Cedar. Mimi ndiye niliyemwita. Jambo hilo halijaacha kunisumbua.

Sisi tuliokulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi huko Tanzania, hatukujua kodi ya nyumba. Kambini unafyatua tofali zako, unaezeka, unaingia. Ukifika Marekani kitu cha kwanza kinachokukosesha usingizi ni kodi, kwa hiyo tumejizoesha kuupima mji kwa kodi peke yake. Tukipigiana simu tunaulizana: kodi shilingi ngapi huko? Tukisikia ndogo, tunafunga mizigo.

Phoenix binamu yangu alikuwa anakwenda kazini kwa basi. Huku hakuna basi. Nyumba za karibu na kiwanda cha nyama zilikwisha zamani, hivyo aliyoipata ilikuwa maili 20 kutoka kazini, na zamu yake inatoka saa tano na nusu usiku. Ikabidi achukue gari la mkopo. Kwa kuwa benki hazikuwa na rekodi yake ya mikopo, riba ikawa kali: dola 380 kwa mwezi. Bima ikaja 210, maana leseni yake ilikuwa changa. Kwenda na kurudi maili 40, siku tano za wiki, mafuta yakawa kama dola 100 kwa mwezi. Jumlisha: 690. Weka juu ya ile kodi ya 750, unapata 1,440. Hata ukimwekea nauli ya basi ya Phoenix, hakuokoa kitu. Na hapo hujagusa tairi, oili, wala betri, ambayo baridi ya Januari huku inaiua asubuhi moja bila kukupa taarifa. Hujagusa pia deni la tiketi za ndege, lile tunalolisaini wakimbizi wote kabla ya kuondoka, ambalo familia ya watu sita inalilipa miaka.

Mke wake alipata kazi ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee. Akafanya wiki tatu, akaacha. Gari ni moja.

Kisha ikaja baridi. Nyumba nyingi za nje ya mji hazina bomba la gesi. Nyuma ya nyumba kuna tangi kubwa jeupe la gesi ya kupashia nyumba joto, limelala ubavu kama ng'ombe aliyecheua akashiba, na ndilo linalokuweka hai. Tangi la kawaida ni la galoni 500, linajazwa asilimia 80 tu kwa usalama, yaani galoni 400. Wenyeji wanajua siri yake: wanalipia gesi ya mwaka mzima wakati wa kiangazi, bei ikiwa chini. Binamu yangu alifungua mfuniko wa tangi Januari akakuta mshale uko kwenye asilimia 15. Akapiga simu. Akaambiwa gari la gesi haliji kwa kiasi kidogo, kuna kima cha chini cha kuagiza, na bei ni ya siku hiyo. Akakopa kwangu. Maskini huku ananunua gesi Januari, mwenye akiba ananunua Agosti, na wote wawili wanaota moto uleule. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nalijua na sikumwambia.

Chakula nacho kina mambo yake. Iowa inaongoza Marekani nzima kwa mahindi. Ukitoka nje mwezi wa saba unaona mahindi mpaka upeo wa macho, marefu kukupita kichwa. Lakini ni mahindi ya mifugo na ya kutengenezea ethanoli. Unga wa ugali tunaufuata Iowa City, maili 35 kwenda, pamoja na sombe (majani ya muhogo) na dagaa. Karibu na nyumbani lipo duka la vitu vya bei ndogo, ila paketi zenyewe ni ndogo. Ukipiga hesabu kwa uzito, unalipa zaidi. Hospitali za vijijini nyingi za jimbo hili zimefunga wodi za uzazi, kwa hiyo mama mjamzito naye anahesabu maili.

Sisemi miji midogo ni mibaya. Watoto wa binamu yangu wanacheza nje mpaka giza linaingia na hakuna anayeogopa. Jirani yao, mzee wa Kizungu, alikuja na mashine yake akawaondolea theluji bila kuombwa. Mshahara wa kiwandani pia unapita mbali ile dola 7.25 kwa saa ya kima cha chini cha serikali kuu, ambayo haijasogea tangu 2009. Ila mji wa kiwanda kimoja una hatari yake. Pale Perry, hapa hapa Iowa, kiwanda cha nyama ya nguruwe cha kampuni ya Tyson kilifungwa mwaka 2024, na watu wapatao 1,300 wakabaki bila kazi katika mji wa watu kama 8,000. Mkopo wa gari haufungwi kiwanda kikifungwa.

Viwanda vinavyotuhitaji viweke basi la wafanyakazi, hasa la zamu ya usiku. Halitavishinda. Na makanisa yetu, ambayo huchangisha vizuri sana kukiwa na msiba, yachangishe mwezi wa saba kwa ajili ya gesi.

Wiki iliyopita alinipigia mama mmoja kutoka Dallas. Kasikia kodi ya huku. Nikamwuliza, "Mama, nani anaendesha gari hapo nyumbani?" Akanyamaza kidogo. "Kijana wangu mkubwa, lakini leseni bado." Nikamwomba atafute karatasi na kalamu. Tukakaa kwenye simu karibu saa nzima, tukiandika: kodi, gari, bima, mafuta, gesi ya Agosti. Kila nilipotaja kitu aliniambia, "Ngoja, baba, ngoja niandike."