Baiskeli kinyume na magari kwenye barabara ya TANZAM: hofu ni ya kweli, upande ndio tatizo

Kwenye barabara ya TANZAM, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, kuanzia Ilula hadi Vwawa si ajabu kumkuta mtu amefunga gunia la mkaa au tenga la nyanya kwenye keria, amekaa upande wake wa kulia, magari yanamjia usoni. Mwulize sababu, atakwambia bora alione gari kuliko kugongwa mgongoni. Dereva wa lori naye atakwambia huyo ndiye anayemtoa jasho kuliko hata kona. Sheria haina kigugumizi: Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inataka vyombo vikae kushoto, baiskeli ikiwamo. Lakini kumsomea mtu sheria hakumwondolei hofu, na hofu yenyewe ina msingi.

Tuanze na huyo anayekwenda kinyume, kwa sababu husutwa kabla ya kusikilizwa. Barabara hii inabeba malori ya Zambia na Kongo, matangi ya mafuta, mabasi ya mikoani, na magari ya IT, yaani yanayopita tu nchini kwenda nje, yanayokimbizwa kwenda Tunduma. Sehemu kubwa ina njia mbili tu, ya kwenda na ya kurudi. Kila njia ina upana wa mita tatu na kitu, na lori peke yake lina mita 2.5. Kinachobaki hakifiki mita moja, wakati usukani wa baiskeli unachukua sentimita 60 na tenga mbili za nyanya zinazidi hapo. Kwa hiyo lori haliwezi kumpita mwenye baiskeli kwa usalama bila kuvuka mstari wa kati. Kukiwa na lori jingine linakuja mbele, dereva anachagua kupunguza mwendo na kusubiri, au kupenya. Wengi hupenya. Mwenye baiskeli hauoni uamuzi huo. Anasikia honi, kisha upepo.

Na pa kukimbilia hapapo. Bega la barabara limeliwa na mvua, ukingo wa lami umeachana na udongo kwa kina cha sentimita 10 au zaidi. Tairi la mbele likishashuka pale, likajaribu kurudi juu kwa pembe ndogo, linakwaruza ukingo bila kupanda, usukani unagoma na mwendeshaji anaangukia upande wa barabara, mbele ya magari.

Hoja nyingine nzito ni ya safari fupi. Nyumba iko upande mmoja na soko liko upande huohuo, mita 400 mbele. Kufuata sheria ni kuvuka barabara kuu mara mbili, kwenda upande wa pili na kurudi, na mzigo juu. Kwa mtu wa Igurusi au Chimala, ambako nchi ni tambarare na baiskeli ndiyo usafiri wa kila nyumba, hilo si jambo la nadharia. Tena tangu shule ya msingi tumefundishwa mtembea kwa miguu akae kulia ayatazame magari. Anayepanda baiskeli anaihamisha kanuni hiyo kama ilivyo.

Kanuni hiyo ni sahihi kwa miguu. Anayetembea kilomita 5 kwa saa husimama ndani ya hatua moja na huruka pembeni kwa hatua nyingine. Baiskeli haiendi pembeni. Inabidi kwanza iinamishwe, igeuzwe, na iwe bado inakwenda mbele. Gunia la kilo 50 nyuma ya tandiko linaifanya iwe nzito zaidi kugeuka na kusimama.

Halafu kuna mwendo wenyewe. Baiskeli ikienda kilomita 15 kwa saa na lori kilomita 60, wakielekea upande mmoja lori linamkaribia kwa kilomita 45 kwa saa. Wakikabiliana, ni kilomita 75. Kama wameonana wakiwa mita 60, kwenye kona au kwenye ukungu wa asubuhi wa Njombe, aliye upande sahihi ana karibu sekunde 4.8 kabla ya kufikiwa, na wa kinyume ana 2.9. Toa sekunde moja na nusu ya dereva kushtuka na kukanyaga breki: wa kwanza anabaki na 3.3, wa pili 1.4. Kuna tofauti nyingine ambayo watu hawaihesabu. Dereva anayemfuata baiskeli kwa nyuma akikosa nafasi ya kupita hahitaji kusimama; anashuka hadi kilomita 15 na kumfuata polepole. Anayekutana naye uso kwa uso lazima asimame kabisa, na hata akisimama baiskeli bado inamjia. Na wakigongana, nishati ya mgongano inakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo 75 dhidi ya 45 ni karibu mara 2.8.

Lakini hoja inayoniudhi zaidi ni ile ya kwamba ukienda kinyume unaona kila kitu. Huoni. Barabara ya njia mbili ina magari yanayoovateki. Basi linaloelekea uendako wewe, likilipita lori, linahamia upande wa kulia, ndio huo uliopo wewe, na linatokea mgongoni mwako kwa kilomita 80 au zaidi. Likibanwa na gari la mbele, mahali pake pa kuponea ni begani, ulipo. Kila upande wa barabara una hatari moja ya mbele na moja ya nyuma. Aliye kushoto anajua ya nyuma ipo na anaisikilizia. Aliye kulia ameshajiaminisha kwamba haipo.

Mjini ubaya unahamia kwenye makutano. Chukua barabara yoyote ya mtaa inayoingia barabara kuu pale Mwanjelwa, Mafiati au Kabwe, jijini Mbeya. Dereva anayetaka kuingia kushoto anatazama kulia, kwa sababu magari ya njia anayoingia yanatoka kulia. Akiona peupe, anaachia breki. Baiskeli inayokuja kinyume inatokea kushoto kwake, upande ambao hana sababu ya kuutazama. Si uzembe peke yake. Macho ya dereva yanakwenda kwenye hatari anayoitegemea. Heikki Summala na wenzake walilipima jambo hili Helsinki, wakachapisha mwaka 1996. Huko wanaendesha kulia, kwa hiyo ni kinyume cha kwetu: madereva waliokata kulia walitazama kushoto na kuwakosa waendesha baiskeli waliotoka kulia. Miaka miwili kabla, Alan Wachtel na Diana Lewiston walichapisha uchambuzi wa ajali za makutano ya Palo Alto, California, wakakuta hatari ya waliokwenda kinyume ilikuwa mara 3.6 ya wale waliofuata magari. Palo Alto si Mwanjelwa, na namba hiyo haihamishiki kama ilivyo. Ila shingo ya dereva inageuka vilevile, na Mwanjelwa ina bajaji na bodaboda wanaochomekea kuliko huko.

Usiku kuna jambo dogo la vifaa linaloua. Baiskeli nyingi za Kichina za fremu kubwa zina reflekta nyekundu kwenye madigadi ya nyuma, na mbele hazina chochote. Dinamo ilishakufa, taa ilishauzwa. Ukienda upande sahihi, lori linalokufuata linaiona ile nyekundu kutoka mbali. Ukienda kinyume, umelionyesha upande usio na kitu, na reflekta yako inawaka kwa magari ambayo hata hayako kwenye njia yako.

Tena kuna mtu wa tatu ambaye hatajwi, naye ni mwendesha baiskeli aliyefuata sheria. Wawili wakikutana kwenye bega la sentimita 80, mmoja lazima atoke. Wa kinyume anayaona magari, hivyo hung'ang'ania ukingo. Anayetolewa ni yule aliyeyapa magari mgongo, anaingia kwenye lami bila kujua nini kinakuja nyuma. Hapa sina huruma ya kugawa. Kama umeamua kwenda kinyume, wewe ndiye wa kushuka, utoke nje ya bega, umwache mwenzako apite.

Kuna nchi zinazoruhusu baiskeli kukabili magari, na hoja hii huletwa sana. Ubelgiji tangu 2004, na Ufaransa tangu 2008 kwenye maeneo ya kilomita 30 kwa saa, baiskeli zinaweza kwenda kinyume katika mitaa ya njia moja. Ni kweli. Lakini kuna kibao kinachomwambia dereva, mwendo ni mdogo, na upande wa baiskeli unajulikana. Hakuna kinachofanana na tangi la mafuta likishuka mteremko wa Iwambi.

Hata hivyo, kushoto nako kuna mitego yake, na anayemwambia mtu "kaa kushoto" bila kumweleza mitego hiyo hajamsaidia. Mkubwa uko kwenye njia panda ya Uyole, Mbeya. Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Malawi yanakata kushoto pale kuelekea Tukuyu na Kasumulu. Semi-trela ikikata, magurudumu ya nyuma ya trela hayafuati njia ya kichwa. Yanakata ndani, kushoto, hadi juu ya bega. Dereva amekaa kulia, juu, na ubavu wa kushoto karibu na kichwa haoni. Usisimame hapo kamwe. Kaa nyuma ya trela, au mbele kabisa ambapo uso wa dereva unauona. Mtego mwingine ni gari lililoegeshwa: mlango wa dereva unafungukia kulia, kwenye njia yako, na ukifunguka wote unatoka karibu mita moja. Pita mbali zaidi ya hapo au ngoja.

Kwenye lami safi, endesha sentimita 50 hadi 70 kutoka ukingoni. Ukikaa juu ya ukingo kabisa huna pa kukwepea shimo ila katikati ya barabara, na dereva anadhani kuna nafasi ya kupenya. Funga kioo cha pembeni cha pikipiki upande wa kulia; usukani wa baiskeli nyingi na wa pikipiki una kipenyo kinachokaribiana, milimita 22 hivi, kwa hiyo kishikio chake hukaa. Kioo hicho kinajibu hofu ya mgongoni kuliko kuhama upande. Baridi ya Juni na upepo wa Makambako huwafanya watu wavae kofia ya jaketi, nayo inaziba masikio na jicho la pembeni. Vaa ya kuvutwa kichwani, masikio nusu wazi. Ukiona lori mbele na unasikia jingine nyuma, usingoje wakutane ulipo. Toka nje ya lami mapema, ukiwa bado unachagua mahali.

Mvua ikinyesha, breki za fimbo kwenye rimu za chuma zinapoteza nguvu nyingi. Kabla ya mteremko bonyeza kidogo kidogo ili mpira ufute maji kwanza, ndipo ubonyeze kwa kusimama.

Kwenye mlima mrefu, kama ule wa kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini, ukifika kilomita 6 kwa saa baiskeli yenye mzigo inaanza kuyumba. Shuka, kokota. Anayekokota ni mtembea kwa miguu, na hapo kukaa kulia kuna maana, isipokuwa kwenye kona inayokunja kulia: upo ndani ya kona, ukingo wa mlima unakuficha, na dereva anakuona ukiwa tayari mbele ya bampa. Kama kona za hivyo zinafuatana, baki kushoto, nje ya lami. Kitonga hapafai baiskeli upande wowote mchana wa malori. Anayelazimika apite akikokota.

Madereva nao wana sehemu yao, na ndiyo kubwa zaidi kwa sababu wao ndio wenye tani. Acha mita 1.5 kati ya ubavu wa gari na usukani wa baiskeli; kama nafasi hiyo haipo, subiri. Kusubiri nyuma ya baiskeli hadi lori la mbele lipite ni sekunde chache. Honi ipigwe mara moja ukiwa mbali; ikipigwa ubavuni inamshtua mtu na kumyumbisha kuelekea kwako. Utingo atumie kioo cha kushoto. Na kutanua kwenye foleni, yaani kuipita foleni kwa begani, ni kumnyang'anya mwenye baiskeli kipande pekee alichobakiziwa. Trafiki akimkamata anayekwenda kinyume na kumwacha anayetanua, watu wanajua sheria imewekwa kwa ajili ya nani.

Upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, utapunguza kupenya, kwa sababu lori litakuwa na njia ya pili ya kupitia. Lakini utazidisha kwenda kinyume. Barabara yenye njia nne na kizuizi katikati ni ngumu zaidi kuivuka, na yule wa mita 400 ataona kinyume ndiyo njia pekee. Dawa yake ni njia ya baiskeli ya kwenda na kurudi pande zote mbili, si upande mmoja, yenye upana wa mita 2.5 hadi 3 ili wenye mizigo wapishane. Iinuliwe juu ya lami na ivuke midomo ya barabara za mitaa kwa tuta, ili gari linaloingia lipunguze mwendo kabla ya kuifikia, na mtaro wa pembeni ufunikwe. Na kuanzia siku ya kwanza isiwe maegesho ya bajaji.