Jiko la Pwani halihitaji maziwa ya boksi

"Mboga gani, dada?"

Ukikaa kwa mama lishe yeyote hapa Ngamiani, Tanga, hilo ndilo swali la kwanza. Na kwa Kiswahili chetu mboga haiishii kwenye majani. Nyama ni mboga, samaki ni mboga, dagaa ni mboga, maharage nayo ni mboga. Chochote kinachoshushia wali au ugali kinaitwa hivyo. Kwa hiyo mtu akisema "mimi nakula mboga tu" hajasema kitu. Ataulizwa tena, kwa upole: mboga gani?

Nimeacha nyama, kuku, samaki, mayai na maziwa, huu mwaka wa tano. Siku za mwanzo nilikuwa naagiza wali maharage na kudhani nimemaliza. Mama anapakua wali, anachota maharage, anaweka mchicha pembeni, halafu upawa unazama kwenye sufuria ya nyama na mchuzi unamwagwa juu ya wali kabla sijafungua mdomo. Hakunifanyia ubaya. Kwake yeye wali mkavu ni kumpunja mteja, na mchuzi ule hautozi hela. Nikabaki natazama mafuta yakitambaa kati ya punje za wali, naona haya kurudisha sahani, na kula siwezi.

Siku hizi nasema kabla hajashika sahani: "Shikamoo mama. Wali maharage, na mchuzi unipe wa maharage hayohayo." Maneno machache tu, lakini yalinichukua miezi kuyapata. Ninachotaka kusema leo kimo humo. Taabu ya kuishi hivi Tanga haiko jikoni, maana jiko letu lilikuwa tayari zamani. Taabu iko kwenye kusema, tena kusema mapema.

Nilianza kwa sababu ya kuku. Huku wauza kuku hupita na baiskeli, kuku wamefungwa miguu, wananing'inia vichwa chini pande zote mbili za usukani, na jua la Tanga mnalijua. Asubuhi moja baiskeli ilisimama mbele yangu njiani kuingia soko la Mgandini, na kuku mmoja alikuwa akijaribu kuinua shingo. Anainua, anachoka, anaiachia. Nilihesabu mara saba. Sikula kuku siku ile wala sijala tena. Vingine vikafuata kimoja kimoja, maziwa yakawa ya mwisho, kwa kuwa mji huu ni wa maziwa na mimi nimekuzwa kwa mtindi.

Kosa langu kubwa lilikuwa kufuata orodha za mitandaoni za vyakula vya vegani, yaani watu wasiokula chochote cha mnyama. Maziwa ya soya, maziwa ya lozi, jibini ya korosho. Boksi moja la maziwa ya soya lilikuwa linameza hela ya mboga ya siku mbili nyumbani. Likiisha, nakunywa chai ya rangi na mkate mweupe, mchana chipsi, usiku chipsi tena. Mwezi wa tatu nilikuwa napanda ngazi za kazini nimeshika ukuta. Watu wakasema, unaona sasa, nyama hiyo. Nilikaribia kuwaamini.

Lakini hebu tujiulize orodha zile zimetoka wapi. Neno vegani lilibuniwa Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao cha kuacha vyakula vyote vya mnyama, maziwa na mayai yakiwemo. Jiko la kule lilikuwa limesimama juu ya siagi, maziwa na jibini. Ukiviondoa hivyo, mpishi anabaki na pengo, na ana haki ya kutafuta cha kuliziba. Jiko la Pwani halina pengo hilo. Mafuta yake, utamu wake, na ule uzito wa mchuzi vinatoka kwenye nazi tangu enzi za bibi zetu. Nani huku aliwahi kuunga kisamvu kwa siagi?

Tazama mkeka wa futari. Muhogo wa nazi, magimbi, ndizi mbichi, viazi vitamu, kunde, bajia, kachori, vitumbua vya mchele na tui, tende. Mwondoe samaki aliyewekwa pembeni na kila kilichobaki ni changu. Nyumba ambayo haijawahi kulisikia neno vegani inafuturu hivyo mwezi mzima, na hakuna anayesema kuna kitu kimepungua.

Nieleze mbaazi kwa kirefu, maana ndizo zilizonirudisha kwenye njia. Usiku naloweka vikombe viwili kwa maji ya kuzifunika vizuri. Zikilowekwa hazikai sana motoni, na kwa bei ya mkaa hilo si dogo. Alfajiri namwaga yale maji, natia mapya, nabandika. Zikiwa jikoni nakaa juu ya mbuzi nakuna nazi mbili. Nazi iwe imekomaa, ukiitikisa maji yalie. Koroma halitoi tui la maana. Nakamua tui la kwanza zito naliweka kando, kisha natia maji ya uvuguvugu kwenye chicha nakamua la pili na la tatu. Mbaazi zikilainika hadi zinabonyea kwa vidole, natia tui jepesi, kitunguu, manjano kidogo, chumvi, na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Likinywea ndipo tui zito linaingia, na hapo sitoki. Nakoroga taratibu bila kuacha hadi lichemke, kwani ukiligeuzia mgongo linakatika, unabaki na mabonge juu na maji chini. Zikiwa tayari, mafuta ya nazi yanachomoza ukingoni mwa sufuria na harufu inafika mlango wa jirani. Kwa maandazi ya moto, mwanangu wa darasa la tatu hajawahi kuniuliza nyama iko wapi.

Na mbaazi tunazilima wenyewe. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi inazoagiza kutoka nje, bei yake nchini ilianguka na wakulima wakabaki na magunia. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Tunalima chakula cha namna hii tukisubiri mtu wa ng'ambo ya bahari aje akile, na sisi wenyewe tunakiita mboga ya shida. Mgeni akiletewa maharage, anauliza kwa sauti ya chini kama mwenye nyumba amekwama. Kama kuna kitu kimoja ningeweza kukibadilisha, ningeanza na hiyo dharau.

Mume wangu ni mtu wa samaki. Akipita soko la samaki la Deep Sea jioni hawezi kurudi mikono mitupu, na sikuolewa ili nimbadilishe. Mwaka wa kwanza nilikuwa napika mara mbili, chakula changu na chakula cha nyumba, na ilikuwa inanimaliza. Sasa napika sufuria moja. Mchuzi wa nazi, bamia, bilinganya au kunde, wali au ugali. Hivyo ni vya wote. Samaki anakaangwa kwenye kikaango chake, anawekwa kwenye sahani yake, anayemtaka anajichotea. Ukiwa unaishi na watu wanaokula nyama, hili litakuokolea muda kuliko jambo jingine lolote: chakula cha wote kiwe kisicho na mnyama, cha mnyama kiongezwe mwishoni na anayekitaka. Vile vya kwenye soko la Mgandini havinisumbui, karoti na kabichi zinashuka kutoka Lushoto, machungwa yanatoka Muheza, mchicha na matembele yako kila kona. Kwa bei ya kilo moja ya nyama narudi na maharage ya wiki na chenji ya nazi.

Kuna mahali nazi haifiki, na sitaki nimdanganye mtu. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiwango cha kutegemewa. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi kidogo mno, lakini kisipokuwepo kinaharibu damu na mishipa ya fahamu. Ini linaweka akiba ya muda mrefu, ndiyo maana mtu anaweza kuacha vyakula vya wanyama miaka miwili mitatu akajiona mzima, halafu ganzi ya vidole ikaanza. Usisubiri ganzi. Vidonge vinauzwa duka la dawa, mimi nameza na sioni haya. Uchovu wangu wa mwezi wa tatu ulikuwa mwingine, damu ilikuwa imeshuka, na daktari alinielekeza mambo mawili ambayo nayafuata mpaka leo. Kamulia ndimu kwenye maharage au kula chungwa baada ya chakula, kwa sababu vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka na majani. Na chai isiandamane na chakula, isubiri kama saa nzima, kwa sababu inayazuia madini hayohayo. Kwa sisi tuliozoea kushushia kila kitu na chai, hilo la pili ni gumu. Chumvi nayo iwe yenye madini joto, hasa kwako uliyeacha samaki. Mwenye mimba au anayelea mtoto mchanga azungumze na mtaalamu wa lishe kwanza, asinifuate mimi.

Viatu, sabuni, asali ya Handeni na mengine hayo nayapeleka polepole. Makubazi yangu ya zamani ya ngozi nimeyavaa mpaka yakaisha, sikuona maana ya kuyatupa. Kikapu changu cha sokoni ni cha ukili.

Kilichobaki ni watu. Shangazi yangu yuko Pangani, na kwa shangazi mgeni anachinjiwa jogoo. Mara ya kwanza nilipokwenda baada ya kuacha sikusema kitu, nikadhani nitakula wali na kuzungukazunguka sahani. Nilipofika jogoo alikuwa kwenye sufuria. Shangazi alikaa mbele yangu na ile kanga yake aliyoivaa kwa ajili yangu, akaniona sigusi.

"Mwanangu, umekuja na ugomvi?"

"Hapana shangazi, sina ugomvi."

"Basi sasa unaharamisha alichohalalisha Mungu?"

Maneno hayo nimeambiwa na wengi, na nayaheshimu, kwa sababu mtu anayeyasema anaiogopea roho yangu. Nikamjibu kwamba halali ni halali, sijaharamisha kitu, wala simzuii mtu. Nimeacha tu. Kuna watu hawali pweza maisha yao yote na hakuna anayewauliza dini yao. Alinyamaza. Kilichomuuma, nilikuja kuelewa baadaye, hakikuwa fatwa. Alikuwa amemkamata yule jogoo tangu alfajiri, akamchinjisha, akamnyonyoa, akakuna nazi, na mimi nilikuwa na simu mkononi tangu juzi yake sikumwambia.

Hapo ndipo nilipojifunza kupiga simu. Kabla ya kwenda kwa mtu nasema, na nasema kwa kuomba: "Nakuja, na hamu yangu ni kile kisamvu chako." Hakuna mwenyeji wa Pwani asiyefurahi kuombwa chakula anachokijua. Nikijua ni shughuli kubwa, arusi au hitima, ambapo pilau lote limepikwa na nyama, nakula nyumbani kabla, nikifika nashika kazi ya kugawa kachumbari na maji, na mwenye mikono iliyojaa sinia haulizwi kwa nini hali. Kazini nimemwambia mama lishe wangu, naye akipika mchicha ananitengea bakuli kabla hajatia dagaa wa kusaga.

Shangazi ilimchukua mwaka mzima. Alianza kwa kunipikia muhogo wa nazi peke yake na kuweka kitoweo cha wengine mbali, kisha akawa ananipigia yeye. Alhamisi iliyopita simu imelia saa tatu usiku, nimeshapanda kitandani.

"Kesho unakuja au huji? Nataka kuloweka mbaazi."

"Nakuja, shangazi."

"Haya. Na wewe njoo na nazi, za huku zimekuwa ndogo."