Ukisema "sasisha", taja umegongana na nini

Chukua jedwali la wanachama wa saccos. Lina namba ya kitambulisho na namba ya simu, na zote mbili haziruhusiwi kujirudia. Anakuja Asha kujisajili. Kitambulisho chake hakimo, ila laini yake zamani ilikuwa ya Juma, aliyeiacha mpaka mtandao ukaiuza upya. Kama programu inatumia ON DUPLICATE KEY UPDATE ya MySQL (mfumo wa hifadhidata), yaani "ingiza mstari mpya, ila ukigongana na uliopo, sasisha huo uliopo", ili kusasisha jina, jina la Asha linakaa kwenye mstari wa Juma. Akiba ni ya Juma, jina ni la Asha, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Mwongozo wa MySQL wenyewe unashauri amri hiyo iepukwe kwenye jedwali lenye funguo za kipekee (safu zisizoruhusiwa kujirudia) zaidi ya moja.

Ndiyo maana nasimama na PostgreSQL, mfumo mwingine wa hifadhidata. Toleo la 9.5, la Januari 2016, lilileta ON CONFLICT ("ikitokea mgongano"), na ukitaka DO UPDATE ("sasisha") ni lazima useme mgongano unaoutarajia: ON CONFLICT (kitambulisho). Simu ya Asha ikigonga ya Juma, amri inakataa, na karani anajua pale pale kwamba kuna jambo la kuuliza. Wapo wanaolalamika kuwa ni maneno mengi. Kwangu maneno hayo mawili matatu ndiyo ulinzi wa fedha za mtu. SQLite, hifadhidata nyingine, nayo ilifuata mtindo huo mwaka 2018.

REPLACE, njia nyingine iliyomo kwenye MySQL na SQLite, sitaki hata kuiona kwenye kazi ya maana: inafuta mstari wa zamani na kuingiza mwingine, na safu usizozitaja zinarudi kwenye thamani za mwanzo.

Amri ya MERGE ni nzuri, imo kwenye kiwango rasmi cha SQL (lugha ya hifadhidata) tangu 2003, na PostgreSQL waliipokea kwenye toleo la 15. Lakini kazi yake hasa ni kulinganisha data za sehemu mbili. Makarani wawili wakimwingiza mtu yule yule kwa wakati mmoja, mmoja anaweza kurudishiwa kosa la upekee (kwamba thamani imejirudia). ON CONFLICT hilo inalimaliza yenyewe.

Kinachonikera kwenye ON CONFLICT ya PostgreSQL ni jina EXCLUDED, unalotumia kuchukua thamani za kusasishia. Wanaoanza hudhani ni mstari wa zamani, kumbe ni ule mpya uliozuiwa kuingia. Hapa MySQL wamewazidi: tangu 8.0.19 unaupa mstari huo jina lako mwenyewe, AS mpya, kisha unaandika jina = mpya.jina. PostgreSQL waazime hilo.