Si Kisu Kilichoua Laptopu

Kwa kuwa jirani yangu Barasa ameshaitangaza habari ya laptopu yangu kotekote, kuanzia kwa kinyozi hadi kwenye kundi la WhatsApp la ploti, acheni na mimi niseme yangu. Anasema nilifungua laptopu kwa kisu cha nyama, nikaichinja, ikafa, nikaketi sakafuni nikalia mbele ya watu wa chama. Uongo mtupu. Kwanza, kisu kilikuwa cha kukatia sukuma wiki. Pili, sakafuni nilikuwa nimeketi tangu asubuhi. Tatu, kisu hakina hatia. Laptopu ilikuwa imeshakufa kabla kisu hakijaigusa, niliiua mimi kwa kidole kimoja, na hilo Barasa hajui hadi leo.

Sasa ameshajua. Tuendelee.

Wale mnaonifuata hapa mnaijua laptopu yenyewe. ThinkPad T430, toleo la 2012, nimeinunua mtumba, nene kama Biblia ya mimbarini. Diski yake ilikuwa ile ya zamani ya kuzunguka, GB 500. Sahani ya ndani inazunguka mara 7,200 kwa dakika na bado inachelewa, sijui huwa inaenda wapi. Asubuhi nilikuwa naiwasha, nateremka gorofa nne, nanunua maziwa na mkate, nasalimiana na soja hadi habari za watoto wake, napanda tena, napata vile viduara bado vinazunguka.

Na mimi ndiye katibu wa chama chetu. Watu 12, mchango 2,000 kwa mwezi. Rejista yote imo humo: nani ametoa, nani anadaiwa, nani anapokea lini. Mkutano wa mwezi wa tano tulingoja rejista ifunguke hadi chai ikapoa. Mweka hazina, Mama Zawadi, akaniangalia akasema, "Katibu, hiyo mashini yako ukiiwekea kuni si itaamka haraka?" Watu wakacheka hadi mzee mmoja akatoa meno ya bandia akayafuta. Nikaapa palepale. Mkutano wa mwezi wa sita utakuwa nyumbani kwangu, na laptopu itawaka kabla hamjamaliza kusema amina ya kufungulia.

Jumamosi nikashuka Luthuli Avenue, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi. Nikanunua SSD, yaani diski ya kisasa, ya GB 256, kitu chembamba, chepesi, hakina sehemu yoyote inayozunguka, nikachukua na ule waya wa kuunganisha diski kupitia USB. Kijana wa duka akaniuliza kwa heshima, "Nikuwekee, mzee? Ni mia tano tu. Dakika kumi."

Mia tano! Nikamwambia, na naomba maneno haya yachongwe kwenye kaburi langu, "Wacha tu, mimi pia ni fundi."

Jumapili saa nne asubuhi nikaanza. Mkutano ni saa tisa. Mpango ulikuwa mzuri, hata leo nautetea. Huhitaji kusakinisha kila kitu upya. Unanakili diski ya zamani yote kama ilivyo kwenda kwenye mpya, kisha unazibadilisha, unawasha, mambo ni yaleyale ila kwa mwendo wa ndege. Kuna programu za bure za kazi hiyo, unaiweka kwenye flashi. Kabla ya hapo nilikuwa nimeifomati SSD vizuri na kuipa jina kwa herufi kubwa: SPIDI.

Programu ikauliza: unanakili kutoka wapi? Nikachagua ile ya GB 500. Kwenda wapi? Ile ya 256. Ikakataa. Diski unayopelekea ni ndogo kuliko unakotoa.

Leo najua. Hata kama faili zako zote ni GB 90, programu ya aina ile inaangalia ukubwa wa sehemu zilizogawanywa kwenye diski, sio mzigo uliomo. Unatakiwa kwanza uipunguze ile sehemu kubwa iwe ndogo, ndipo unakili. Lakini siku ile sikujua, na simu ya kumuuliza yule kijana wa Luthuli nilikuwa nayo, ila fundi hamuulizi fundi.

Nikafikiri. Gunia haliingii kwenye debe. Lakini debe linaingia kwenye gunia!

Nikageuza. Kutoka: 256. Kwenda: 500. Programu ikakubali bila neno, kama mtoto aliyeahidiwa chipsi.

(Wenye kujua mambo haya, naona mmeshafunika macho. Fumbueni, bado.)

Ikaniambia kila kilichomo kwenye diski ya GB 500 kitafutwa, una uhakika? Nikabonyeza Y. Ikauliza mara ya pili, una uhakika kweli? Hapo nikaona ni dharau sasa. Nikabonyeza Y kwa nguvu mpaka kitufe kikalia.

Haikumaliza hata dakika moja. Imemaliza! Kazi ambayo watu huandika mtandaoni kwamba huchukua saa nzima au zaidi! Nikamwita mke wangu, "Mama Tasha, kuja uone SSD!" Akatoka jikoni na mpini wa kusukumia chapati, akaangalia skrini nyeusi, akasema, "Ni nzuri," akarudi kwa chapati zake. Mimi nikabaki nikitabasamu. Mtu mzima, ana kitambulisho na anapiga kura, anatabasamu kwa sababu amenakili utupu.

Ndipo kikaja kisu. Sikuwa na bisibisi ya nyota, na video niliyokuwa nafuata ilikuwa ya laptopu tofauti, fundi anazungumza Kihindi. Nilitoa betri, nikatoa kila skrubu niliyoiona, 19, nikaziweka kwenye kifuniko cha sufuria. Nikang'oa na kibodi. Barasa akaingia saa sita kuonja chapati mapema, akanikuta nimeishika laptopu katikati ya mapaja kama kuku. Picha aliyosambaza ni ya saa hiyo. Kuweka SSD na kurudisha vitu nikamaliza saa nane na nusu, skrubu tatu zikabaki. Mama Tasha akauliza za nini. Nikamwambia ni za akiba.

Saa tisa watu wakafika. Na katika historia ya chama chetu, nataka muelewe, watu hawajawahi kufika saa tisa wakiitwa saa tisa. Siku hiyo walifika wote. Mwenyekiti akaomba. Akasema amina.

Laptopu iko mezani, juu ya kitambaa kile cha wageni. Mama Zawadi amevaa miwani tayari. Nikainyoosha mikono kama mpiga kinanda. Nikasema, "Wanachama, hesabuni hadi kumi." Nikabonyeza.

Moja. Taa ya kijani ikawaka. Mbili. Feni ikavuma. Tatu, jina la kampuni likatokea katikati ya skrini, safi, na mtu nyuma akasema "Ooh." Nne. Likapotea. Tano. Skrini nyeusi. Sita. Kialama kidogo cheupe pembeni, kinakonyeza. Saba. Wanachama bado wanahesabu kwa sauti, kama watoto wa nasari. Nane, yakatokea maandishi meupe: PXE-E61, na baada yake maneno ya kuniambia nikague waya.

"Tisa," Barasa akamalizia peke yake, mdomo umejaa chapati.

Waya! Chumba kizima kikapata kazi. Mwenyekiti akachomoa chaja akaichomeka upya. Mzee wa meno akaigonga extension kwa kiatu. Mama mmoja akasema ni stima ya hii ploti, hata friji yake ilikuwa hivyo. Mimi nimeikodolea skrini, jasho linanitiririka hadi kwenye soksi. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba waya unaotajwa pale ni wa mtandao. Mashini ikikosa mfumo wowote wa kuiendesha kwenye diski, inaanza kuulizia kwenye mtandao kama kuna mtu wa kuiamsha. Yaani laptopu yangu ilikuwa imeamka, ikajipekua, haikujikuta, ikaanza kuwaita majirani.

Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Hakuna shida. Narudisha diski ya zamani." Mbele ya watu 11, kisu mkononi, nikatoa SSD nikarudisha ile ya kuzunguka. Sasa sihesabu tena. Wao pia hawahesabu. Nikabonyeza. Diski ikaguruma ile sauti yake niliyokuwa nikiilaani kila asubuhi, na niwaambie ukweli, siku hiyo niliisikia kama sauti ya mama. Nikafumba macho.

PXE-E61. Kagua waya.

Barasa akakimbia kwake akaleta laptopu yake. Nikaunganisha diski ya zamani kwa ule waya wa USB. Ikajitokeza. Jina: SPIDI. Ukiifungua, hakuna kitu. Nikachomoa, nikaunganisha mpya. Jina: SPIDI. Hakuna kitu. Barasa akasema, "Hii SPIDI ni virusi wabaya sana." Mimi nikakaa kimya, maana ndani ya kichwa changu zile Y mbili zilikuwa zimerudi, moja baada ya nyingine, polepole, na ya pili nikaisikia hadi ule mlio wa kitufe.

Mama Zawadi akavua miwani. "Katibu, si uko na nakala nyingine?"

Nilikuwa nayo. Folda nzima, inaitwa NAKALA YA DHARURA. Ndani ya diski ileile.

Yaliyofuata ni mafupi. Chapati ziliisha kimyakimya. Jumatatu nikarudi Luthuli kwa yule kijana. Alipindua laptopu, akafungua skrubu moja pembeni, MOJA, akavuta diski kwa kile kiutepe chake ikatoka kama droo, kabla sijamaliza kumwambia habari yako. Yaani zile 18 nilikuwa nazisumbua bure. Akaniambia nishukuru iliyofutwa ni ile ya kuzunguka, kwa sababu kilichoandikwa juu ni kidogo na vingine bado vimelala chini. Kwa SSD mara nyingi mashini ikishaambiwa kitu hakihitajiki inakisafisha yenyewe, huokoti chochote. Alichukua siku mbili na pesa ambazo sitazitaja, Mama Tasha husoma hapa. Faili zikarudi maelfu, bila majina, nambari tupu. Nimefungua moja moja usiku kucha. Nimepata picha za harusi yangu, risiti za 2016, na barua ya kuomba kazi ambayo sikuwahi kuituma.

Rejista imepatikana jana. Moja tu, ya mwezi wa pili.

Ni ya kabla sijalipa malimbikizo yangu. Mwezi wa tatu nililipa elfu sita taslimu, mkononi, nikajiandikia mwenyewe kwenye rejista kwa kuwa mimi ndiye katibu, na hiyo rejista ya mwezi wa tatu ndiyo ambayo haikurudi. Wengine 11 wamesema wamelipa kila kitu hadi leo na wakaaminiwa. Mama Zawadi ameichapisha ile ya mwezi wa pili, ameizungushia jina langu wino mwekundu, na ameituma kwenye kundi na maneno mawili: "Katibu, waya."

Mkutano ni Jumapili saa tisa. Rejista mpya imeandikwa kwenye daftari la kurasa 96, na Barasa ndiye anayelitunza.

Barasa, najua unasoma. Nikopeshe elfu sita.