Mume wa Msanii Hana Jukwaa

Watu wakisikia mke wangu ni mfinyanzi hunipongeza mimi. "Hongera, bwana! Nyumba yenu lazima inapendeza!" Nyumba yetu imejaa udongo. Uko kwenye ndoo, uko uvunguni umefungwa nailoni usikauke, uko kwenye taulo langu, na nina wasiwasi kwamba sasa uko pia ndani ya sikio langu la kushoto, maana upande huo sisikii vizuri tangu tamasha lililopita. Ingawa hilo la sikio pengine ni spika. Nitafika huko.

Mimi si adui wa sanaa, naomba lieleweke mapema kabla katibu wa kamati ya tamasha letu la mtaa hajanikuta njiani. Wasanii wa mtaa wapate mahali pa kuonyesha kazi zao, watoto waone ngoma ikipigwa kwa mikono ya mtu badala ya kuisikia kwenye simu, mchongaji na mshairi na mcheza sarakasi wakutane uwanja mmoja: safi kabisa, naunga mkono kwa mikono miwili. Shida ni kwamba mikono hiyo miwili ndiyo inayobeba makreti.

Kwa sababu msanii habebi. Msanii anasimamia. Usiku kucha tunafunga vyungu kwa magazeti, kimoja kimoja, na kila kimoja kina tabia yake: hiki usikishike mdomo, hiki usikishike sikio, hiki usikishike kabisa, niitie. Asubuhi navishusha uwanjani, napanga meza, natandika kitambaa, na nikimaliza tu, mke wangu anajifunga khanga vizuri na kuniambia, "Baba watoto, kaa hapa kidogo, naenda kuona kazi za wenzangu." Kidogo hicho huisha jua linapozama.

Tuanze na barua ya mwaliko. Ilikuwa na muhuri. Ilisema kamati inayo heshima kubwa kumkaribisha msanii, na kwamba hakutakuwa na malipo ila atapata fursa ya kujitangaza. Haya. Nikatazama uwanja. Turubai limekodiwa. Viti vimekodiwa. Mitambo imekodiwa, na kijana wa mitambo amekuja na msaidizi, naye analipwa. Jenereta limejazwa mafuta. MC amechukua chake nusu mapema, nusu kabla hajagusa kipaza sauti, kwa sababu MC ni mtu aliyeishi duniani. Wanaopokea fursa ni wale tu ambao bila wao hilo lingekuwa turubai lenye viti. Nilimwuliza mwenye viti kama yeye naye anapokea fursa. Akanitazama kwa huruma, akavihesabu viti vyake upya.

Nikapeleka hoja kwa katibu. Katibu ni msomi, hakujibu moja kwa moja, alinipeleka Scotland. Akasema mwaka 1947 mji wa Edinburgh uliandaa tamasha kubwa la kimataifa, vikundi vinane vya maigizo vikajitokeza bila kualikwa, vikatafuta kumbi zao pembeni, vikaigiza kwa gharama zao, na huo ndio mwanzo wa Edinburgh Festival Fringe, ambalo leo ni moja ya matamasha makubwa kabisa ya sanaa duniani. "Unaona?" akasema. "Wale hawakuuliza malipo."

Ndugu katibu, wale walijileta! Sisi tumeitwa kwa barua yenye muhuri! Aliyejileta anajitegemea, aliyeitwa anaandaliwa. Hata mtoto anajua. Halafu historia hiyo isisimuliwe ovyo, kwa sababu watu wanaisikia. Kati ya meza yetu na ya mchongaji alijitokeza bwana mmoja ambaye hakualikwa, akatandaza kipande cha nailoni, akapanga dawa ya mende. Ana kipaza sauti chake kidogo chenye betri, kinarudia sentensi ileile aliyoirekodi nyumbani. Vikundi vinane vya Edinburgh vilikuja na maigizo. Huyu alikuja na mende wa mfano, amekufa, yuko ndani ya chupa. Na ukweli usemwe: aliuza kuliko sisi wote.

Sasa spika. Kamati ilitupanga mbele ya spika, ile kubwa, yenye urefu wa mtu mzima na mkewe. Kijana wa mitambo alinieleza kwa upole kwamba mahali pa wazi, ukiongeza umbali maradufu kutoka kwenye spika, sauti inapungua desibeli kama 6. Nikapima kwa macho umbali maradufu. Ni mlango wa choo. Tukabaki.

Na ile sauti ya kuchoma masikio, ule mlio mkali unaofanya kila mtu ainue mabega, nao niliulizia, kwa kuwa sikuwa na mteja. Kumbe ni sauti inayotoka kwenye spika, inarudi kuingia kwenye kipaza sauti, inakuzwa, inatoka, inarudi tena, inazunguka hivyo mpaka mitambo inapiga yowe. Dawa yake rahisi: mwenye kipaza sauti asisimame mbele ya spika. Kijana alimwambia MC. MC alikubali kwa kichwa. Kisha akaja kusimama mbele ya spika, yaani mbele ya meza yetu, akatupa mgongo, akasema, "Hamjambooo!" Chungu kimoja kilitetemeka. Mimi pia.

Ratiba ilisema saa tatu kamili mgeni rasmi anawasili. Ratiba ilichapwa kwa rangi. Saa tatu ikaja ikapita peke yake. Vijana wa ngoma walikuwa wamevaa tangu alfajiri, wamefunga njuga, hawawezi hata kujikuna bila kupiga muziki. Ngozi ya ngoma ikishika unyevu hulegea, ndiyo maana wapigaji huipasha moto ikakaza kabla ya kupiga. Basi wakawasha moto, wakazipasha ngoma, zikalia vizuri kabisa. Mgeni hajafika. Zikalegea. Wakazipasha tena. Wakaishiwa kuni. Mmoja alianza kuliangalia kreti letu, nikalikalia.

Mgeni alipofika, tulishukuru mapema. Akasimama mwenyekiti kumkaribisha makamu, makamu akamkaribisha mlezi, mlezi akasema hana mengi ya kusema. Mtu mzima akisema hana mengi ya kusema, tafuta kivuli. Walitambulishwa waliokuwepo, wakatambulishwa waliotuma udhuru, na mmoja aliyetambulishwa kwamba yuko njiani. Kisha MC akashika saa yake kwa masikitiko: "Ndugu zetu wa ngoma, muda umetubana, mna dakika tano." Wale vijana! Walizunguka uwanja mara moja tu, bibi mmoja akainuka kitini kuwafuata, watu ndio kwanza wanaanza kupiga makofi, na yowe la mitambo likawafukuza. Mshairi alipewa beti mbili. Akachagua ya kwanza na ya mwisho. Tulijua mambo yalianzaje na yaliishaje, katikati kila mtu akajijazia.

Lakini hayo ni ya jukwaani. Vita iko mezani.

Mtazamaji wa sanaa za mikono ana njia yake ya kuja. Haji moja kwa moja. Anapita kwanza, anarudi, anasimama kwa ubavu, anauliza, "Hivi ni nini?" Vyungu, mama. "Vya kupikia?" Hivi vya kupikia, vile vya maua, kile cha maji. "Aaa." Anakiinua, anakigonga kwa kucha, anakinusa. Nimeona watu wengi wakinusa chungu na sijaelewa wanatafuta harufu ya nini. Kisha anampa simu mwenzake, anapigwa picha akikikumbatia, anatazama picha, hajapendeza, anapigwa nyingine. Anakirudisha mahali ambapo sipo alipokitoa. Anaondoka. Fursa ya kujitangaza imepita.

Wengine huuliza bei. Ukiwatajia wanacheka, si kwa dharau, wanacheka kama waliosikia jambo jipya. "Si udongo tu huu?" Na mwenzake, daima yupo mwenzake, anamwambia kwa sauti ya chini ambayo mimi nimewekwa pale kuisikia: "Hata mimi naweza kutengeneza."

Tengeneza, dada! Tengeneza nikuone! Nimeishi na shughuli hii, sitaki kuambiwa. Udongo unachimbwa, unalowekwa, unachujwa mawe, unakandwa mpaka usibaki na mapovu ya hewa. Chungu kikikauka kinasinyaa, na kikisinyaa upande mmoja haraka kuliko mwingine kinapasuka kabla hakijaona hata moto. Kinachokauka juu juu ndani kikabaki na unyevu ni hatari zaidi: ukikiingiza motoni haraka, maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, na njia ni kulipuka na kuwaua majirani zake. Hapo usisahau kwamba kabla moto haujafika nyuzi joto kama 600 huo bado ni udongo mtupu. Utumbukize majini, unarudi tope. Yaani mtu anaweza kufanya kazi mwezi mzima akawa ametengeneza tope lenye umbo. Vyungu vya kale kabisa vinavyojulikana vilifukuliwa katika pango la Xianrendong, China, vina umri wa miaka kama 20,000, na nina hakika mfinyanzi wake alipokuwa anatoa cha kwanza motoni, alisimama jirani pale akasema, "Lakini mtanipunguzia, si ndiyo?"

Mchongaji wa upande wa pili, baada ya mende, naye alikuwa na yake. Anachonga mpingo. Mpingo ni mti mzito hivi kwamba ukiutupa majini unazama, na klarineti nzuri za okestra za Ulaya hutengenezwa kwa mti huohuo. Mteja wake akatema mate kwenye kidole, akasugua sanamu, akakagua kidole kama kimetoka rangi ya viatu. Sanamu halikutoa rangi. Mteja akasema, "Basi mmeipaka vizuri."

Waliobaki ni wafariji. Hawa hawanunui wala hawapigi picha. Mmoja, mzee mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alisimama mbele ya vyungu vyetu vilevile vya asubuhi, akatikisa kichwa, akaniambia, "Usikate tamaa, kijana. Hata van Gogh aliuza picha chache mno akiwa hai." Akaniacha na neno hilo akaenda kununua dawa ya mende.

Sasa hili la van Gogh nimelisikia katika kila tamasha, nikaamua kulisoma, na naomba wafariji wote wanisikilize. Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, alikuwa na mdogo wake, Theo, mfanyabiashara wa picha mjini Paris. Theo ndiye aliyekuwa anatuma fedha, anatuma rangi, anatuma turubai za kuchorea. Vincent alimwandikia barua zaidi ya 600, nyingi zinazungumzia sanaa kwa maneno mazuri, na nyingi zina mahali panapofika kwenye fedha. Vincent akafariki Julai 1890. Na Theo? Theo alifariki Januari 1891, miezi sita tu baadaye, ana miaka 33! Hicho kipande hakuna mfariji anayekisema! Aliyehangaika mpaka picha zile zikajulikana duniani ni Johanna, mjane wa Theo. Kwa hiyo hesabu ni hii: msanii kaondoka, mlipaji kaondoka, ndipo wateja wakaanza kufika. Mke wangu akisikia jina la van Gogh anajiona yeye ni Vincent. Sawa. Mimi nalisikia nikiwa nimekalia kreti, natazama huku na huku, Theo hapa ni nani? Barua zenyewe sipati. Napata kikaratasi kimebandikwa kwenye ndoo: "Usisahau kumwagia udongo maji."

Mchana ulipoanza kupoa tukauza. Naapa, tukauza! Alikuja dada mmoja mpole, hakunusa, hakugonga, akainama, akaelekeza kidole chini ya meza. Chini ya meza kulikuwa na chungu chenye ufa. Kilipasuka motoni, mdomo umepinda, mke wangu alikikataa tangu nyumbani. Tulikileta kwa sababu ardhi ya pale imeinama na mguu mmoja wa meza haufiki chini. Nikakipindua, nikakiweka pale, kinafanya kazi. "Nataka kile," akasema. Nikamwambia dada, kile kina ufa. "Ndiyo maana nakitaka. Kina maisha." Akauliza bei, nikataja kubwa ili aghairi. Akalipa, hakuomba apunguziwe hata senti. Akainama mwenyewe, akakichomoa.

Meza ikaanza kuondoka.

Nikaikamata kwa goti. Goti chini ya ubao, mkono mmoja kwenye chungu kikubwa, mwingine unakusanya vile vidogo vilivyokuwa vinateremka kuelekea kwa mende. Nikamwita mke wangu. Spika ikamwita MC. Nikaita tena. Na ni wakati huohuo MC alitangaza kwa furaha kubwa kwamba sasa mgeni wetu rasmi atazunguka kutembelea mabanda na kuzungumza na wasanii wetu ana kwa ana.

Wakaja kundi zima, kamati, walinzi, kamera mbili. Mchongaji akasimama, mama wa vikapu akasimama, hata wa dawa ya mende akasimama na kukung'uta shati. Mimi nimekaa. Nawaona kamati wananikodolea macho, katibu ananionyesha kwa kidevu, simama. Sisimami. Mgeni rasmi akanyoosha mkono, sina mkono. Jasho linanitoka, nimekumbatia chungu, nimeuma meno. Akaushusha mkono taratibu, akawageukia wenzake, akasema, "Mnaona? Msanii wa kweli haachi kazi yake." Kamera zikawaka.

Kisha akaniinamia, kwa sauti ya mtu anayejali kweli, akauliza nimeanza lini shughuli hii.

"Saa tatu asubuhi, Mheshimiwa."