Yowe la Kikongwe na Hoja ya "Kila Jamii na Mila Zake"

Katika vijiji vingi vya Usukuma, ikiwa ni pamoja na vile vya mkoa wa Mwanza, wanawake wazee wamekuwa wakiuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ushahidi unaotajwa ni macho mekundu, ambayo kwa mtu aliyepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe tangu usichana wake yana sababu iliyo wazi. Mauaji hayo yanapojadiliwa, huibuka kauli mbili. Ya kwanza husema kwamba kila jamii ina mizani yake na mgeni hana haki ya kuipimia kwa mizani ya kwao. Ya pili husema kwamba uovu ni uovu popote, na mila isiyoheshimu uhai haistahili kuheshimiwa.

Kauli ya kwanza haikuzaliwa na uvivu wa fikra. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anasimulia jinsi mfalme Dario wa Uajemi alivyowauliza Wagiriki, waliokuwa wakichoma maiti za baba zao, na Wakalatia, watu wa India waliokuwa wakizila, iwapo wangekubali kubadilishana desturi, na kila upande ukashtuka kwa chuki. Mwaka 1947 chama cha wanaanthropolojia wa Marekani, kwa maandishi yaliyoandaliwa zaidi na Melville Herskovits, kilitahadharisha kwamba tamko la haki za binadamu lililokuwa likitayarishwa lisije likawa maadili ya nchi za Magharibi yaliyovishwa joho la dunia nzima. Tahadhari hiyo ilikuwa na uzito, kwa kuwa tamko lilipopitishwa mwaka 1948 Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza. Usukuma wenyewe una ushahidi wake: ngoma ambazo wamisionari wengi waliziita upagani ziliingizwa katika ibada pale Bujora na padri David Clement kutoka Kanada, na Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanaendelea kushindana kwa ngoma hizo. Kilichohukumiwa kuwa dhambi kilikuja kutambuliwa kuwa sala, na anayehukumu upesi anapaswa kulikumbuka hilo.

Hata hivyo, kutokana na ukweli kwamba desturi hutofautiana haifuati kwamba hakuna desturi iliyo na kosa. Zaidi ya hayo, wanaoua vikongwe hawadai kwamba ni halali kumuua asiye na hatia. Wanaamini kwamba mtoto aliyefariki ameuawa kwa mkono wa mtu, na kwamba wao wanajilinda. Uhai wanauthamini kama tunavyouthamini sisi. Tunachotofautiana ni kilichotokea kweli. Jambo hilo hubadilisha mjadala wote, kwa sababu anayeinua panga kwa imani fulani anawajibika kwanza kuichunguza imani hiyo. Katika ramli chonganishi uchunguzi haupo: mganga hutoa dokezo, familia yenye uchungu hulikamilisha kwa jina, na jina hilo mara nyingi huwa la mjane mwenye shamba ambalo wengine wanalitamani. Kuuita mwenendo huo utamaduni ni kuutukana utamaduni.

Kauli ya pili nayo ina upungufu wake. Sheria ya Uchawi iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928, na ambayo bado ipo katika vitabu vyetu, ilipiga marufuku kumtuhumu mtu uchawi kiholela, lakini haikuwapa wanakijiji njia ya kuikabili hofu yao, na wengi waliiona kama kinga ya wachawi. Amri inayotoka mbali bila kuzungumza na hofu ya watu huzaa ukimya: polisi wanapofika, hakuna aliyeona wala aliyesikia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Shinyanga na Tabora, watu waliunda Sungusungu, yaani vikundi vya wanakijiji vya ulinzi, na mfumo huo ukaenea hadi Mwanza. Msingi wake ni yowe. Likipigwa usiku, kila mwenye nguvu hutoka, na asiyetoka hutozwa faini au hutengwa na wananzengo, yaani wanajumuiya wa kijiji. Hapo kuna falsafa nzima ya uwajibikaji, ile ambayo John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, aliieleza mwaka 1969 aliposema kwamba mtu yupo kwa kuwa wenzake wapo. Ifeanyi Menkiti, mwanafalsafa wa Nigeria, alikwenda mbali zaidi na kudai kwamba utu wenyewe hupatikana ndani ya jamii na kwa kukubaliwa nayo. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga, akisema kwamba mtu ana thamani hata kabla jamii haijamthibitisha. Mimi niko upande wa Gyekye, kwani utu unaotolewa na jamii unaweza pia kunyang'anywa na jamii, na baadhi ya vikundi vya Sungusungu viligeuka na kuwawinda waliodhaniwa kuwa wachawi. Lakini kanuni ya yowe ni bora kuliko baadhi ya walioitumia, kwa kuwa haiulizi anayelia ni nani. Kikongwe anapolia na majirani wakabaki ndani, wanavunja sheria yao wenyewe, na hahitajiki mgeni wa kuwaambia.

Huenda mtu akajibu kwamba mchawi amejitoa mwenyewe katika jamii, hivyo hana haki ya kuidai jamii hiyo chochote. Lakini mama huyo alichangia misiba, alishiriki kilimo cha pamoja, na hakuna mkutano wa nzengo uliomtoa. Waliomtoa ni watu wachache waliokuja usiku, wakati uamuzi wa jamii hutolewa mchana, mbele ya mtuhumiwa na ndugu zake, naye akapewa nafasi ya kujibu.

Ndiyo maana ukimya wa msomi wa Mwanza mjini anayesema "hiyo ndiyo mila yao" unanisumbua kuliko ukali wa mgeni. Mara nyingi yeye mwenyewe ni mtoto wa vijiji hivyo, na huenda huko kuzika na kudai urithi. Hapo hawaheshimu watu wengine na utamaduni wao, kwa kuwa watu hao ni wake. Ni mwananzengo aliyesikia yowe na hakutoka.